Inaua, Haizuii

Mpwa wangu,

Fomu zako zimenifikia. Kijana wa bodaboda alizileta juzi jioni kutoka Minjila, zimekunjwa ndani ya bahasha ya kaki, na juu yake umeandika: "Mjomba, ni sahihi tu." Nimezisoma zote, hata pale penye maandishi ya kuumiza macho. Unaomba cheti cha bunduki ya .22, na penye sababu umejaza "kulinda shamba na nafsi." Shamba nakuelewa, nyani wamenila mahindi mimi pia. Ni hiyo nafsi iliyoninyima usingizi.

Hofu yako siidharau. Mwaka 2012, ule wa mapigano yetu na Waorma, ulikuwa mtoto, lakini hujasahau tulivyolala ndani ya mtumbwi chini ya miembe, mama yako kakuziba mdomo usikohoe. Tarehe 22 Agosti waliuawa watu 52 kule Riketa, Waorma, wengi wao kina mama na watoto, na waliowaua walitoka upande wetu. Hilo nalitanguliza makusudi, maana ukikaa barazani hapa Garsen ukasikiliza vijana, utadhani Wapokomo tulipigwa tu. Tarehe 7 Septemba ikawa zamu yetu, Chamwanamuma. Tarehe 10 ikawa Kilelengwani: watu 38, na tisa kati yao askari polisi.

Nataka uwafikirie hao tisa. Wale walikuwa askari kamili, wenye mafunzo na bunduki za serikali. Nikiwakumbuka hao, nashindwa kuelewa hesabu ya mtu anayelala usingizi mnono kwa sababu ana .22 nyuma ya mlango.

Sasa tuzungumze bunduki, kwa kuwa wenzako wanakudanganya. Mimi nimekuwa homgadi miaka kumi na minne, kwanza na ile Mark 4 ya Mwingereza, baadaye G3. Risasi ya G3 ina gramu tisa na nusu hivi, na hutoka na mwendo wa karibu mita 800 kwa sekunde. Hiyo unayoitaka wewe, ile ya kawaida, ina gramu 2.6 na mwendo wa mita 330 hadi 380, na hapo ni kwenye mtutu mrefu. Kwenye bastola hupungua zaidi. Wapo watakaokwambia kwa hiyo ni mchezo, haiui. Waongo. Inaua vizuri sana. Inachoshindwa ni kuzuia.

Elewa tofauti hiyo kabla hujaelewa jingine lolote. Mtu anakujia usiku na panga, yuko hatua kumi, damu imemchemka. Unampiga tumboni. Tundu ni dogo kuliko kitufe cha shati, pengine hata hajui amepigwa. Hatua kumi zile anazimaliza. Anakukata. Kisha yeye naye, siku ya tatu, amelala wadini na tumbo limejaa usaha, anakufa. Hukujiokoa, na bado umeua. Huko kwao sasa kuna matanga, na kuna kaka zake wanaolijua jina lako. Kwingine labda mambo yangeishia mahakamani. Kwetu huku unajua yanakoishia.

Halafu kuna suala la fataki, kile kiwashio cha baruti. Chukua risasi ya G3 uigeuze kitako: utaona fataki yake imekaa katikati kama mboni ya jicho, na pini hugonga pale pale. Ya .22 haina mboni. Dawa ya fataki imezungushwa ndani ya ukingo wa kitako, mduara mzima, na pini hugonga ukingoni. Ikiwa kiwandani dawa haikufika upande fulani, na upande huo ndio uliokutana na pini, utasikia "tak" na kimya. Igeuze ile ile ugonge upande mwingine, mara nyingi italia. Ni sawa ukiwa unalenga makopo, unayo nafasi ya kugeuza. Usiku ule wa panga hunayo.

Na hali yetu hapa ndiyo inazidisha. Vichwa vya nyingi kati ya risasi hizi ni madini ya risasi bila ganda la shaba, vimepakwa mafuta kama nta, nayo hushika mchanga zikitiwa mfukoni. Kichwa chake hakikubanwa sana kwenye ganda, kwa hiyo unyevu hupata njia. Wewe unataka kuiweka bunduki hiyo kwenye dungu, katikati ya mpunga, mto ukifurika maji yanafika mapajani. Baruti na ukungu wa Tana havikai nyumba moja.

Nikupe kisa changu, sijawahi kukupa. Mwaka 1984, ule wa ukame, kabla sijawa homgadi, niliajiriwa mlinzi wa shamba moja huku chini. Nilipewa bunduki ya .22 na kasha la risasi hamsini za kufukuzia nyani. Asubuhi moja dume kubwa lilikuwa juu ya mkuyu ukingoni mwa mto, linanitazama kama linalonidai. Nikapiga. Mlio wenyewe mdogo, kama tawi kavu linalovunjika. Majani yakatikisika, nyani akashuka akaenda zake, nami nikarudi kunywa chai. Nilikosea jambo moja tu: sikujiuliza risasi imekwenda wapi.

Siku ya sita akaja mzee wa Kiorma na mtumbwi. Hakufoka. Alikaa mkekani, akapewa maji, akauliza hali ya mvua ambayo sote tulijua haipo. Kisha akafungua fundo la shuka yake akanitolea kipande cha risasi, kimebonyea upande mmoja, hakizidi punje ya hindi. "Hii ni ya kwenu?" Mtamba wake alikuwa malkani, pale mifugo inapoteremkia mtoni, akinywa maji, ng'ambo, chini kabisa baada ya kona ya mto. Waliokuwa naye walisikia kama mdudu amepita. Hawakuona damu, waliona kidoti begani. Bega likavimba, mnyama akagoma kula, siku ya tano akamchinja kabla hajafa, kisu kikagonga hiyo kwenye mfupa.

Sisi hapa hatuna mlima, mpwa wangu. Kule wanakotengeneza risasi hizi kuna vilima na mabonde ya kuzimeza. Delta ni sahani. .22 ikielekezwa juu huweza kuvuka kilomita moja na nusu na zaidi, na ukiwa Garsen huwezi kwenda kilomita moja na nusu upande wowote bila kukuta shamba la mtu, zizi la mtu, au malka yenye watoto. Wazee wa gasa, baraza letu, walikaa na wale wa matadeda, baraza la Waorma, nikalipa magunia sita ya mpunga kwa misimu miwili. Yule mzee hakupandisha bei hata siku moja. Alichosema ni kwamba asubuhi ile mwanawe wa miaka saba alikuwa amemwegemea yule mtamba.

Sasa, ukisisitiza. Wewe ni mtu mzima, na sheria ipo: Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha itaamua yenyewe. Wakikupa, cheti kitaandika na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo; usizidishe hata moja, na usiguse zile za kuuziwa gizani. Bunduki zimejaa kwenye ukanda huu tangu Siad Barre aanguke Somalia mwaka 1991, na za gizani huja na madeni yake.

Chukua risasi zenye kichwa kigumu cha mviringo, gramu 2.6, zenye mwendo wa kasi. Zile zenye tundu kichwani zilitengenezewa sungura. Hufunguka mapema zikakosa kina, au kwenye mtutu mfupi hazifunguki kabisa, zikawa umelipia tundu bure. Lakini jina la kasha lisikushughulishe sana, anayechagua ni bunduki yako. Nunua aina moja, piga mia mbili uwanja wa shabaha, si shambani, na uandike kwenye daftari kila inapokataa. Ikikataa, usichungulie! Shikilia mtutu uelekee chini penye usalama, hesabu taratibu mpaka thelathini, ndipo ufungue, maana nyingine huchelewa tu. Aina inayokataa mara tano katika mia mbili iache kwa makopo. Zilizobaki zifunge kwenye kopo lisilopitisha hewa, na kila mwaka uzibadilishe. Bunduki ikae kwenye kasha la chuma lenye kufuli, ufunguo shingoni mwako, si juu ya kabati ambako watoto wote wa dunia hii hupanda ukitoka tu.

Na kiboko akija shambani, usimpige na kitu hicho. Utamwongezea hasira, na atakumbuka njia. Debe, moto, na simu kwa KWS, watu wa wanyamapori.

Na simu nyingine. Ninayo namba ya mjukuu wa yule mzee wa mtamba, anachunga upande wa pili wa malka ile ile. Mwaka jana alinipigia saa saba usiku kuniambia kuna watu asiowajua wanavuka. Tuliamka, tukawasha taa nyumba zote, mbwa wakabweka, wakapita. Sikumaliza hata asilimia mbili ya chaji. Nitakupa namba hiyo hata usiponisikiliza.

Fomu ziko juu ya meza. Ile risasi nayo ipo, kwenye kopo la tumbaku pale ninapoweka miwani. Njoo Ijumaa baada ya saa kumi, jua likipungua, uishike kwanza mkononi. Kalamu ninayo.

Mjomba wako