Ahadi ya Babu

Katika Januari 2006, shirika la televisheni la MBC la Korea Kusini lilianza kuonyesha mchezo wa mapenzi uitwao Goong, maana yake kasri. Mchezo huo una sehemu 24, nao ulitokana na hadithi ya picha ya Park So-hee. Nchi isiyo na mfalme inawaziwa humo kuwa inaye. Magari yamejaa barabarani, simu zi mikononi mwa wanafunzi, na juu ya yote hayo yuko mfalme, na malkia, na kijana mrithi wa ufalme aendaye shule kama wenziwe. Kila sehemu hukomea kwa wanasesere wa dubu wenye kuigiza mambo ya wahusika. Hilo ni jambo dogo, lakini laonyesha jinsi mtazamaji alivyotakiwa kuyapokea mambo makubwa: kwa tabasamu.

Jambo kubwa lenyewe ni hili. Mfalme wa zamani alipatana na rafiki yake, mtu wa kawaida, kuwa wajukuu wao wataoana. Wazee wale wamekufa, ahadi imebaki. Msichana, Chae-kyeong, hampendi kijana. Kijana, Shin, alikwisha kumposa msichana mwingine, mcheza dansi ya bale, akakataliwa kwa ajili ya sanaa ile. Nyumbani kwao Chae-kyeong wadai wagonga mlango. Basi anaulizwa, naye anasema ndiyo.

Je, ndiyo hiyo ilikuwa ndiyo?

Wako watakaosema kuwa swali langu ni la bure, kwa sababu mapenzi yalikuja baadaye, na tunda tamu halilaumiwi mti wake. Wataongeza kuwa ndoa nyingi njema zilipangwa na wazee, na kuwa moyo wa ujana ni kiongozi kipofu. Siyadharau maneno hayo. Wengi wetu tumezaliwa katika ndoa za namna hiyo, wala hatuwezi kusema kuwa wazazi wetu hawakupendana. Lakini mapenzi yajayo baada ya arusi ni kama shahidi afikaye baada ya hukumu. Aweza kuifurahia hukumu. Hawezi kusema kuwa alisikilizwa.

Wala si haki kumwita msichana yule mateka tu. Aliwaona wazazi wake katika dhiki, akajitoa. Kitendo hicho ni chake, nacho kina heshima. Hapa ndipo watazamaji wengi, nadhani, hudanganyika. Heshima ya mtoaji twaihamisha kwa mpokeaji, tukadhani kuwa kwa vile mtoto alifanya vyema kutoa, basi wazee na kasri walifanya vyema kupokea. Sadaka moja yaweza kuwa tukufu mkononi mwa atoaye na kuwa aibu mkononi mwa apokeaye. Babu aweza kuahidi shamba lake, au ng'ombe wake, au jasho lake mwenyewe. Mjukuu asiyezaliwa bado si mali yake.

Korea yaijua habari hii bila ya msaada wa mchezo. Yi Un, mrithi wa mwisho wa ufalme ule, alipelekwa Japani mwaka 1907, mtoto wa miaka 10. Mwaka 1910 Japani ikaitwaa nchi yake. Mwaka 1920 akaozwa Masako wa ukoo wa Nashimoto, binti wa jamaa ya mfalme wa Japani, kwa mpango wa serikali uliokusudia kuziunganisha nyumba mbili ili nchi moja imezwe na nyingine. Masako alieleza baadaye kuwa habari za uchumba wake alizisoma gazetini. Ndoa ile ilidumu. Mwaka 1963 alirudi Korea pamoja na mumewe aliyekuwa mgonjwa, akamuuguza mpaka alipokufa mwaka 1970, naye akabaki huko akiwahudumia watoto wenye ulemavu mpaka kifo chake mwaka 1989. Nani atathubutu kusema kuwa mwanamke yule hakupenda? Na nani atathubutu kusema kuwa, kwa sababu alipenda, waliompanga gazetini walikuwa na haki?

Mwana wao, Yi Ku, alichagua mwenyewe. Alimwoa Julia Mullock, mwanamke wa Marekani, wakakosa kuzaa. Ukoo ukashikilia kuwa mrithi ni lazima, na mwaka 1982 ndoa ikavunjwa. Yi Ku alikufa Tokyo katika Julai 2005, miezi sita kabla ya mchezo kuanza. Kasri ya televisheni ilifunguliwa wakati kaburi lake lilikuwa bado bichi.

Sidhani kuwa watungaji wa Goong hawakuona doa hili. Mwishoni ufalme wampata dada yake Shin, na Chae-kyeong yuko mbali, Macau. Shin anamfuata. Hapo hapana ahadi ya babu, wala mdai mlangoni, wala kiti cha enzi cha kurithi. Watu hawa walikwisha kuoana kwa fahari mbele ya taifa zima, na hakuna sheria iliyowadai zaidi. Hata hivyo watungaji wanawaingiza kanisani, na kuwaoza mara ya pili.