Tafakuri ya leo: "Wewe mkubwa, muachie mwenzio"



Hebu tuulizane. Kwenye jamvi la futari imebaki sambusa moja, ya mkubwa. Mdogo kashakula zake, analia. Unasema: "Wewe mkubwa, muachie mwenzio." Kelele zinakwisha. Je, hapo umetenda haki, au umenunua ukimya kwa mali ya mtoto asiyelia?

Nu'man bin Bashir (r.a.) alisimulia kuwa baba yake alimpa zawadi, na mama yake, Amra bint Rawaha, akataka Mtume (s.a.w.) awe shahidi. Mtume akauliza kama watoto wengine nao wamepewa mfano wake. La. Basi akakataa kushuhudia, na baba akairudisha zawadi. Kisa kimo katika Bukhari na Muslim.

Utasema sambusa si shamba. Sawa, na mtoto wa miaka miwili hawezi kusubiri kama wa minane. Kumzingatia si dhulma. Tatizo ni pale anayeambiwa aachie ni yule yule kila siku, eti kwa kuwa ana adabu. Huyo hajifunzi ukarimu, maana hakutoa, amenyang'anywa kwa maneno matamu. (Ndugu zake Nabii Yusuf walianzia hapo hapo: kuhesabu nani anapendwa zaidi.)

Leo Magharibi, muulize kwanza: "Utamgawia mwenzio?" Akisema hapana, muache ale sambusa yake. Mdogo atalia kidogo, kisha atanyamaza.