Jina Lililo Chini ya Ukurasa



Huku Kikwajuni, Unguja, baadhi yetu tunatafuta riziki kwa kutengeneza tovuti: za nyumba za wageni, za wauza viungo, za watembeza watalii. Wengi hatuanzi na ukurasa mtupu. Tunachukua themu ya bure ya WordPress, tunabadili rangi, tunaweka picha za mteja. Tatizo liko chini kabisa ya ukurasa, palipoandikwa jina la aliyeitengeneza themu. Mteja akiliona anauliza, "Huyu nani tena?" Basi unafungua sehemu ya CSS, unaandika display: none, jina halionekani tena. Kazi ya dakika moja. Je, ni halali, au ni kumdhulumu mtu?

Kwanza, amri ile haifuti kitu. Inaiambia brauza isionyeshe tu. Jina bado limo ndani ya msimbo, na anayejua kutazama atalikuta. Pili, kuna leseni. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, hutolewa kwa leseni ya GPL, nayo haikulazimishi kuacha jina la mtengenezaji lionekane chini ya ukurasa. Lakini si themu zote ziko hivyo. Zile za HTML5 UP, kwa mfano, ni bure kwa sharti la kumtaja mwenyewe. Ukificha hapo, umechukua zawadi ukakataa jambo dogo uliloombwa. Hilo ni suala la haki, halihitaji mjadala mrefu.

Sasa, leseni ikiruhusu je? Tazama maghorofa yetu ya Kikwajuni yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Anayekaa humo halazimiki kuandika jina la mjenzi ukutani. Kunyamaza si kusema uongo. Ila akijitapa kwamba ghorofa lilijengwa na babu yake, mtaa mzima utamcheka. Kuondoa jina la mwenzako ni jambo moja. Kuweka lako mahali pake ni jingine. Na jamani, tunafanya hivyo: tunaficha jina lile, tunaandika letu, kisha tunatoza bei ya kazi iliyoanza sifuri. Hapo na mteja naye anaibiwa.

Kuna anayesema, "Mbona Mtakatifu Yosefu alifanya kazi kimya, na Injili haina hata neno moja alilotamka?" Ni kweli. Hata mafundi wengi waliochonga milango ya Mji Mkongwe hatuwajui majina. Lakini unyenyekevu ninajichagulia mwenyewe, siwezi kumchagulia mwingine kwa faida yangu. Yosefu hakumficha mtu ili yeye aonekane.

Kumbuka pia wale wakoma kumi. Tisa hawakurudi kushukuru, wala hatusomi kwamba ukoma wao uliwarudia. Shukrani haikuwa malipo ya uponyaji. Hata hivyo Yesu aliuliza wako wapi.

Mimi hufanya hivi: nasoma leseni kwanza. Ikiruhusu na mteja akitaka, naficha. Ila kabla hajalipa namwambia themu ni ya mtu mwingine, na kwamba ninachomtoza ni kazi yangu: kupanga kurasa, kuandika maneno, kuweka picha, kuitunza tovuti. Mteja mmoja aliposikia hivyo aliniacha, akaenda kwa aliyemwambia kila kitu kakiandika mwenyewe. Iliniuma, maana kodi ya chumba haisubiri. Lakini ningemjibu vingine, kila mwezi angekuwa ananilipa kwa jambo lisilo kweli.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, usihangaike sana na ule mstari wa CSS. Jiandae na swali litakalokuja baadaye, mteja atakapokuuliza, "Yote haya umetengeneza wewe?" Utamjibu nini?

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.