Kirusi Hakijui Kifungua Mimba

Muulize mkunga aliyezeekea kazini, atakwambia kuwa wavulana huzaliwa wengi kidogo kuliko wasichana. Hajasomea takwimu, lakini daftari lake halimdanganyi. Wenye kuhesabu mamilioni wanakubaliana naye: maumbile yakiachwa yafanye kazi yake, kwa kila wasichana 100 huzaliwa wavulana kama 105. Wavulana nao hufa zaidi utotoni, kwa hiyo mizani hujirudisha yenyewe. Kisa ninachotaka kuwasimulia vijana wa uchumi wa afya, hasa wale ambao ekonometriki imeanza kuwapa kiburi, kinaanzia pale mizani hiyo ilipokataa kurudi.

Mwaka 1990 Amartya Sen, mchumi mzaliwa wa India, aliandika katika New York Review of Books kwamba duniani wanakosekana wanawake zaidi ya milioni 100. Alilinganisha idadi ya wanawake waliopo China, India na nchi nyingine za Asia na idadi ambayo ingetazamiwa kama wangelishwa na kutibiwa sawa na wanaume. Pengo lile halikuwa fumbo kwa watu wa huko. Mtoto wa kike akiugua, familia ilisubiri. Wa kiume akiugua, ilikodi gari. Baadaye ikaja ultrasaundi, na wako waliokwenda kupimwa ili wajue kama mimba ni ya kuiacha au ya kuitoa.

Miaka 15 baadaye akatokea binti wa miaka 25, mwanafunzi wa uzamivu pale Harvard, anaitwa Emily Oster. Baba na mama yake wote walikuwa wachumi wa Yale. Maji hufuata mkondo. Oster akaja na jibu ambalo halikutazamiwa na yeyote: sehemu kubwa ya wale wanaokosekana hawakuuawa na mtu wala hawakunyimwa chakula, kwa sababu hawakutungwa mimba kamwe. Aliyehusika ni kirusi cha homa ya ini aina ya B. Wazazi wenye kirusi hicho, alisema, huzaa wavulana kama 150 kwa kila wasichana 100.

Naomba msomaji anivumilie na hesabu kidogo, maana bila hesabu hii hutaona utamu uliowanasa watu. Chukua watoto 1,000 wa nchi ambayo asilimia 15 ya wazazi wana kirusi. Watoto 150 wa wazazi hao, kwa uwiano wa Oster, watakuwa wavulana 90 na wasichana 60. Wale 850 waliobaki, kwa uwiano wa kawaida, ni wavulana 435 na wasichana 415. Jumlisha: wavulana 525, wasichana 475. Kutoka 105 umefika kama 111 kwa kila wasichana 100, na hakuna mtu aliyemdhulumu mtoto. China ni nchi yenye homa ya ini nyingi. India inayo kidogo. Oster akapiga hesabu zake, ngumu kuliko hizi zangu, akapata kwamba kirusi kinaeleza karibu asilimia 45 ya pengo lote la Sen; kwa China asilimia 75, kwa India chini ya 20.

Wala hakuibuka na wazo hilo kutoka hewani. Baruch Blumberg, aliyegundua kirusi chenyewe na kupata Nobel ya tiba mwaka 1976, alikwishaona dalili za jambo hilo miaka mingi nyuma, na zilikuwapo tafiti ndogondogo za Ugiriki, Greenland, Ufilipino na kwingineko zilizoelekea upande huohuo. Oster akaongeza za kwake. Akalinganisha nchi na nchi: penye homa ya ini nyingi, wavulana wengi. Akaenda Alaska, ambako wenyeji walichanjwa miaka ya mwanzo ya 1980, akaona baada ya chanjo wavulana wamepungua. Wachumi huliita jambo kama hilo jaribio la asili, yaani dunia imekufanyia majaribio bila wewe kuiomba, na kulipata moja ni sawa na mvuvi kukuta nguva wavuni. Mei 2005 waandishi mashuhuri Steven Levitt na Stephen Dubner wakamwandikia sifa katika jarida la mtandaoni la Slate, na mwisho wa mwaka makala yake ikatoka Journal of Political Economy, jarida la Chicago ambalo maprofesa wengi hustaafu bila kuliingia. Yeye hata shahada ya uzamivu alikuwa hajaichukua.

Hapa ndipo wengi wetu tungenunua suti mpya.

Mwaka uleule Monica Das Gupta, mtafiti wa idadi ya watu aliyekuwa Benki ya Dunia, alichapisha makala fupi yenye pingamizi ambalo halikuhitaji regresheni hata moja. Tazama, alisema, nani anazaliwa baada ya nani. Katika takwimu za China, kifungua mimba hazai mashaka: uwiano wake uko karibu na ule wa mkunga wetu. Mwenye mtoto wa kwanza wa kiume naye, mimba zinazofuata hazina ajabu kubwa. Ajabu iko kwa mwanamke ambaye wa kwanza ni msichana. Kwa huyo, wa pili anaelekea kuwa mvulana kupita kiasi, na akiwa na wasichana wawili, wa tatu ndiyo kabisa.

Kaa na jambo hilo kidogo. Ini la mama ni lilelile kwa mtoto wa kwanza na wa pili. Kirusi hakijui kwamba kifungua mimba alikuwa binti. Kinachojua ni baba mtu, mama mkwe, na ukoo unaouliza jina la babu litabebwa na nani. China ilikuwa na sera ya mtoto mmoja, na vijijini mikoa mingi iliruhusu mzazi apate wa pili endapo wa kwanza ni msichana. Ruhusa hiyo peke yake inakueleza taifa zima lilikuwa likiwaza nini. Swali la Das Gupta lingeweza kuulizwa na muuza mboga nje ya hospitali ya wazazi. Halikuulizwa kwa sababu katika faili la takwimu za nchi na nchi hakuna safu ya mpangilio wa kuzaliwa. Ukiizoea kompyuta, kisicho na safu huanza kuonekana kama hakipo duniani.

Nisijifanye mwerevu, nami yalinikuta. Katika ujana wangu nilikusanya takwimu za vijiji vya wilaya moja ya pwani nikakuta kwamba penye vyandarua vingi ndipo penye malaria nyingi. Kompyuta ikanipa nyota tatu, ile alama ya kwamba matokeo si ya kubahatisha. Usiku ule sikulala, nikitunga kichwa cha makala. Kesho yake nikamwonesha nesi wa zahanati, mama mtu mzima. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema: "Mwanangu, vyandarua si tunavipeleka penye mbu?" Yule mama alinisitiri kwa sentensi moja. Oster hakuwa na bahati ya kumkuta mapema. Wake alikuja wakati makala imekwisha kusomwa dunia nzima.

Oster hakuwa peke yake kukosea. Wahakiki wa jarida walikuwepo, wasimamizi walikuwepo, waandishi mashuhuri walishangilia. Jibu lililo geni na safi hupendwa na watu wa fani yetu kuliko jibu la kweli lililozoeleka, na kwamba wazazi wa kale na wa leo hupendelea wana wa kiume ni jambo lililozoeleka mno. Hakuna jarida linalokupigia simu kwa hilo. Lakini jibu lile geni lilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa popote kwenye jedwali: lilimpa mwenye kupuuza mabinti kisingizio cha kitaalamu. Ukisema asilimia 75 ya tatizo ni ini, umemwambia waziri apeleke fedha za kulinda wasichana kwingine.

Pigo la takwimu lilitoka Taiwan. Huko tangu miaka ya 1980 wajawazito hupimwa homa ya ini aina ya B ili mtoto wa mwenye kirusi awahi chanjo. Manesi wakaandika daftari zao miaka nenda rudi, wala hawakuwa na haja na mjadala wa wachumi. Ming-Jen Lin na Ming-Ching Luoh wakazichukua rekodi hizo, watoto milioni 3, wakachapisha mwaka 2008 katika American Economic Review. Mama mwenye kirusi alikuwa na uwezekano wa kuzaa mvulana uliozidi wa mwenzake kwa robo ya asilimia tu: kati ya wajawazito 1,000, wavulana 2 au 3 zaidi. Rudi kwenye hesabu yetu ya watoto 1,000. Kwa kipimo cha Taiwan, kinachoongezwa na kirusi hakifiki hata nusu mtoto.

Kwa nini tafiti za zamani zilielekea kwingine? Familia chache ni kama sarafu iliyorushwa mara chache. Ikianguka kichwa mara 6 kati ya 10 usiapie kwamba ina kichwa pande zote. Na kulinganisha nchi na nchi ni kulinganisha desturi, sheria, umaskini na dawa kwa mpigo mmoja, kisha kumchagua mmoja wa hao umbebeshe lawama.

Sasa ije sehemu ambayo ndiyo iliyonifanya nichague kisa hiki badala ya vingine vingi vya wasomi walioanguka. Oster alikuwa na mlango wa kutokea. Taiwan walipima mama tu. Angeweza kusema kwamba kirusi kinafanya kazi kupitia baba, akaendelea kuutetea uwiano wake miaka 20, na wanafunzi wake wakarithi ugomvi. Naujua mlango huo, watu hupita hapo kila siku na vyeo vyao. Yeye aliutaja hadharani, kisha akaenda kuupima. Pamoja na watafiti watatu, Gang Chen, Xinsen Yu na Wenyao Lin, alikusanya jinsia za watoto wa kundi la watu 67,000 nchini China waliokuwa wakifuatiliwa kwa ajili ya utafiti wa saratani ya ini. Kama asilimia 15 kati yao walikuwa na kirusi. Akina baba wenye kirusi hawakuzaa wavulana zaidi. Akina mama vilevile.

Aprili 2008 makala ikatoka, kwanza kama rasimu kabla ya kuingia jaridani, jina la kwanza ni lake. Kichwa chake hakikuzunguka: kilisema kwamba homa ya ini B haielezi wingi wa wavulana China. Hakuandika kwamba matokeo yanahitaji utafiti zaidi, sentensi ile tunayojifunika nayo kama shuka. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na sidhani waliwahi kuwaza uchumi wa afya.

Je, kazi yake ilikufa? Alikuwa Chicago wakati huo, leo ni profesa Brown University. Mwaka 2013 alitoa kitabu cha kuwasaidia wajawazito kuupima ushauri wanaopewa, Expecting Better, na wengi wanamjua kwa hicho. Wachumi wanamjua zaidi kwa makala ya kimbinu iliyochapishwa katika Journal of Business and Economic Statistics mwaka 2019. Hoja yake ni hii. Watafiti tuna mazoea ya kuongeza vigeu kwenye regresheni, mapato, elimu, umri, na tukiona jibu halitikisiki tunatangaza kuwa ni imara. Oster anasema usitangaze bado. Angalia kwanza hivyo vigeu ulivyoongeza vinaeleza nini. Ukichuja maji kwa chandarua yakatoka vilevile, hujathibitisha kwamba ni safi, huenda matundu ni makubwa kuliko uchafu. Kisha anakupa kipimo cha kukadiria jambo usiloliona lingehitaji kuwa zito kiasi gani ili libatilishe jibu lako. Yeye hakusema, lakini mimi siwezi kuisoma makala hiyo bila kuwakumbuka wale vifungua mimba wa China, kile kigeu ambacho hakikuwa kwenye faili lake.

Nina hukumu yangu, na wenzangu wasikasirike. Kosa la 2005 lilikuwa la haraka na la kukaa mbali na wakunga. La kihesabu halikuwa kubwa. Vyuo vyetu sasa vinawafundisha vijana Stata na R vizuri kuliko tulivyofundishwa sisi, na wanaleta tasnifu za bima ya afya, za ada za uzazi, za zahanati na vifo, zenye nyota tatu kila mstari. Nikimuuliza mwandishi kama amewahi kukaa asubuhi moja kwenye benchi la kliniki anayoiandikia, hunitazama kama niliyemuuliza kabila. Siku hizi siisomi sura ya matokeo mpaka aniletee ukurasa mmoja wa aliyoambiwa na nesi, mkunga au karani wa masijala, kwa mkono wake. Wako wanaonuna.

Muhula ukianza nawagawia makala zote mbili za Oster, ile ya kukana ikiwa juu. Ya 2005 ina kurasa zaidi ya 50. Ya kukana, ilipotoka kwenye Economics Letters mwaka 2010, hazifiki 5.