Hasira Iliyohama

Mume amekaripiwa kazini, akanyamaza. Jioni anamfokea mkewe kwa sababu ya chumvi. Ukimwuliza, ataapa kwamba ni chumvi tu, na hasemi uongo.

Katika elimu iliyoanzishwa na Daktari Sigmund Freud wa Vienna, hasira hiyo imehama: imemwacha mkubwa asiyejibika, ikamwangukia aliye karibu. Freud alifundisha kwamba mengi ya nafsi hutendeka bila sisi wenyewe kujua.

Je, mume huyu ana hatia? Wengi wangemwachilia upesi. Lakini Freud, ambaye hata hakumwamini Mungu, aliandika mwaka 1925 kwamba hata uovu wa ndotoni ni wetu. Ungekuwa wa nani mwingine? Hapo nakubaliana naye. Mke aombwe radhi usiku huo huo. Habari za mkubwa zaweza kungoja chai ya asubuhi.