Utulivu Unafanywa na Nini?

Wahenga waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu, walitufundisha kuushuku utulivu. Methali hiyo imetufaa, ila imebeba dhana moja: kwamba kila kimya kimeficha shari inayongoja siku yake. Naikubali nusu. Kipo kimya kinachohifadhi, kama wahenga walivyosema. Kipo pia kimya kinachoachilia, na kipo cha tatu kinachofanya kazi usiku na mchana bila mfanyakazi kuonekana. Kwa anayetazama juu juu, vyote vitatu vinafanana. Ndiyo maana tunasifu utulivu, tunauogopa au tunaupuuza kana kwamba ni kitu kimoja.

Mkazi wa Ilomba, hapa jijini Mbeya, ana mifano ya karibu ya kulifikiria jambo hili. Kata yenyewe haina ziwa. Ina barabara kuu ya kwenda Zambia, na usipa, samaki wadogo wa Kyela, unaouzwa hapa umeshakauka. Lakini Mbeya imekaa pale mikono mitatu ya Bonde la Ufa inapokutana: wa Rukwa, wa Usangu na wa Nyasa. Katika nchi ya namna hii, maji yaliyotuama mara nyingi yako juu ya ardhi inayotoa gesi.

Tuanze na Ziwa Ngozi. Ukifika Uyole unashika barabara ya Tukuyu, kisha unapanda kwa miguu katika msitu wa Uporoto hadi ukingo wa volkano iliyobomoka. Chini kuna ziwa la kijani ambalo huoni mto unaotoka. Ardhi ya eneo hilo la Rungwe hutoa kaboni dayoksaidi kwa wingi kiasi kwamba huvunwa na kuuzwa kwa viwanda vya soda. Je, na ziwa limeificha gesi hiyo kilindini? Swali hilo si la kubuni. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni lilitapika kaboni dayoksaidi iliyokuwa imelimbikizana chini, na watu wapatao 1,700 wakafa. Kati ya 2006 na 2010 wanasayansi walipima maji ya Ngozi wakiikumbuka hatari hiyo. Walikuta maji ya juu na ya chini yana joto lilelile na kemikali zilezile. Maji yanayochanganyika hivyo hayana tabaka la kufungia gesi. Inayoingia kutoka chini hupata njia ya kutoka kidogo kidogo. Utulivu wa Ngozi ni wa kuachilia.

Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo, ni kinyume chake. Katika kina kinachokaribia mita 485 kuna kaboni dayoksaidi ipatayo kilomita za ujazo 300, na methani ipatayo kilomita za ujazo 60. Sehemu ya methani hiyo hutengenezwa na vijiumbe kutokana na gesi ya volkano, na nyingine kutokana na mabaki ya viumbe yaliyozama. Maji ya chini yana chumvi nyingi, ni mazito, hayapandi. Na uzito wa maji ya juu huishikilia gesi ikiwa imeyeyuka, kama kizibo kinavyoishikilia katika chupa ya soda. Watu wa Goma, mji wa ukingoni mwa ziwa hilo, hawahitaji somo refu kuhusu gesi inayoua, kwa kuwa wana neno mazuku kwa mashimo na mabonde ambamo kaboni dayoksaidi hutuama na kuua mifugo na watoto. Tangu 2016 mtambo wa KivuWatt, upande wa Rwanda, huvuta maji ya kilindini, huchuja methani na kufua umeme wa megawati 26. Hapa methali ya wahenga imesimama: kimya ni akiba, na hekima ni kuipunguza kwa mpango.

Tanganyika ndiyo inayoivuruga methali. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470, lakini oksijeni huishia katika mita 100 au 200 za juu. Chini ya hapo mabaki ya mwani na mizoga huozeshwa na vijiumbe visivyohitaji hewa, na methani huzaliwa. Mwaka 2011 kundi la watafiti lilikadiria kuwa ziwa zima lina zaidi ya tani milioni 23 za methani. Walichotaka kujua ni kitu gani kinachoizuia isitoke kwenda angani. Walikuta inaliwa. Vijiumbe vingine huila pale oksijeni inapoanza, na vingine huila chini zaidi, mahali pasipo na oksijeni hata kidogo.

Baharini jambo hilo lilikuwa limekwisha kuonekana. Mwaka 2000 mwanasayansi wa bahari wa Ujerumani, Antje Boetius, na wenzake walionyesha katika tope la sakafu ya bahari vikundi vidogo vya viumbe wa aina mbili wanaoishi kwa kushikana: mmoja huila methani, mwingine hutumia salfeti ya maji ya bahari kuikamilisha kazi hiyo. Makadirio ya baadaye yanasema zaidi ya asilimia 90 ya methani inayozalishwa katika tope la bahari huishia humohumo. Si jambo dogo, kwa maana katika miaka 100 tani moja ya methani huipasha dunia joto karibu mara 28 kuliko tani ya kaboni dayoksaidi. Hewa tunayovuta Ilomba inadaiwa na kazi ya viumbe ambao hakuna jicho litakalowaona bila hadubini.

Mbishi atauliza: jambo ambalo halikutokea linathibitishwaje? Tembo nao hawajaibuka kutoka Ziwa Tanganyika. Tumshukuru nani kwa hilo? Hoja yake ina uzito, na jibu lake lina sehemu mbili. Kwanza, si kila kutotokea kunadai maelezo. Kunadai pale tu ambapo kuna kinachosukuma jambo litokee. Tembo hawako kilindini wakisukuma kupanda. Methani iko, na inapanda kila siku. Pili, mlaji huacha alama katika mabaki. Vijiumbe hivi hupendelea methani yenye kaboni nyepesi, hivyo methani inayosalia huwa na kaboni nzito kuliko ile iliyoanza safari chini. Mtafiti akipima uzito huo kina kwa kina, anaona mahali karamu ilipofanyika. Ushahidi wa kisichotokea haupatikani katika utupu. Unapatikana katika mabadiliko madogo ya kile kilichobaki.

Katika maisha ya watu alama za namna hiyo hatuzitafuti. Diwani huhesabiwa madaraja aliyojenga, na hakuna anayemhesabia bwana afya kipindupindu ambacho hakikuja. Kazi ya kuzuia ina msiba wake: ikifanikiwa hufuta ushahidi wa umuhimu wake, na mwenye kupanga bajeti huona kimya na kudhani hapana kazi.

Hata hivyo, nisiusifu utulivu kupita kiasi, kwa kuwa Tanganyika ina somo la pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa ziwa limekuwa likipata joto, maji ya juu yakawa mepesi zaidi, na matabaka yakazidi kugoma kuchanganyika. Virutubisho vilivyo kilindini havipandi kama zamani. Watafiti walikadiria kuwa uzalishaji wa mwani ulipungua kwa asilimia 20 hivi, na mwani ndio mwanzo wa chakula cha dagaa na migebuka. Upepo wa kusi, unaovuma kuanzia Mei hadi Septemba na kulivuruga ziwa, ndio unaowalisha wavuvi. Ziwa lililotulia mno lina njaa.

Kwa hiyo thamani ya utulivu haimo katika utulivu wenyewe. Spinoza, katika karne ya 17, alikataa kuihesabu amani kuwa ni kukosekana kwa vita tu. Sisi Watanzania tumezoea kuyatamka maneno amani na utulivu kwa pumzi moja, kana kwamba la pili ni kivuli cha la kwanza. Maziwa yetu yanatuonya tuyatenganishe. Nyumba inaweza kutulia kwa sababu kila kinachoumiza husemwa kinapoanza. Au kwa sababu mambo yamefungiwa kifuani. Au kwa sababu yuko mama mmoja anayeyameza ya wote. Jirani hatajua tofauti.

Nalileta suala hili nyumbani, Ziwa Nyasa. Kina chake kinakaribia mita 700, hata sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari, na kuanzia mita 200 na kitu kwenda chini hakuna oksijeni. Juu kuna samaki kama mbasa na usipa. Na kuna kungu, wadudu wanaopaa kama moshi juu ya maji, ambao watu wa ziwani huwakamata na kuwafanya chakula. Mabuu yao hushuka mchana kwenye giza lenye oksijeni haba na kupanda usiku kutafuta lishe. Kilindi na sahani zetu vimeunganishwa hivyo tayari, tupende tusipende.

Wajibu wetu kwa maji haya haufanani, kwa kuwa utulivu wake haufanani. Ulio wa kuhifadhi unadai kupunguzwa kabla haujazidi. Ulio wa kuachilia unadai usizibwe. Ulio wa kazi unadai mengi zaidi: kujua mfanyakazi ni nani, anakula nini na nini kitamuua. Mfanyakazi huyo hana sauti ya kulalamika, na habari ya kwanza ya kifo chake itakuwa lile tukio alilokuwa akilizuia. Ndiyo maana kupima kilindi wakati ziwa limetulia ni sehemu ya utulivu wenyewe, na asiyetaka kulipia upimaji hana haki ya kusema maji yake ni shwari.