Kinanda Kinachosahau

Mwanangu, picha ulizotuma nimezitazama zote, hata ile ya nyuma ya mashine yenye vumbi. Ni ASR-10 kweli, kinanda cha kunasa sauti chenye vitufe 61. Hongera. Umepata chombo kilichokuzidi umri, na umeniuliza jambo moja tu: namna ya kuongeza memori yake mpaka ifike megabaiti 16. Nitakujibu mimi mjomba wako, lakini univumilie, kwa sababu lipo jambo hukuniuliza ambalo lazima litangulie.

Ujue kwanza umeshika kazi ya akina nani. Kampuni ya Ensoniq ilianzishwa mwaka 1982, na makao yake yalikuwa Malvern, Pennsylvania, magharibi ya hapa Philadelphia ninapoishi. Waanzilishi wake walikuwa wahandisi waliotoka MOS Technology, na mmoja wao, Bob Yannes, ndiye aliyebuni chipu ya SID iliyoipa kompyuta ya Commodore 64 sauti yake. Wakati huo kinanda cha kunasa sauti kilikuwa mali ya studio kubwa na ya wanamuziki wa ngazi ya Stevie Wonder. Ensoniq wakatoa Mirage kwa dola 1,695, ikiwa na kilobaiti 128 za memori, na vijana wasio na studio wakaanza kunasa sauti nyumbani kwao. ASR-10 ikafuata mwaka 1992: sauti ya biti 16, megabaiti 2 za memori toka kiwandani, na nafasi ya kuongeza hadi 16. Watayarishaji wa muziki kama RZA na Kanye West walikitumia. Mwaka 1998 Ensoniq ikanunuliwa na Creative Technology, na leo hakuna kiwanda cha kupigia simu ukiharibu kitu. Ndiyo maana nazungumza nawe taratibu.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu ndiyo itakayokuonyesha ninachokiogopa. Ukinasa sauti kwa kasi ya 44.1 kHz, mono, kila sekunde inakula baiti 88,200. Megabaiti 2 zinakupa sekunde 23 na kidogo. Ukinasa kwa stirio, gawa kwa mbili. Megabaiti 16 zinakupa dakika tatu na sekunde kumi za mono. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Nyimbo unazozipanga ndani ya kinanda nazo hulala kwenye memori hiyo hiyo, kwa hiyo utapata pungufu. Ni haki yako kutaka zaidi. Usisikilize wanaosema kwamba wazee wa zamani walipenda uhaba. Watu wa kampuni ya E-mu walipotoa mashine ya SP-12 mwaka 1985 ikiwa na nafasi ya kunasa sekunde 1.2 tu, waliuza pia nyongeza ya kuifikisha sekunde 5, na watu wakainunua. Kwenye SP-1200 iliyofuata, yenye sekunde 10 zote kwa jumla, watu walipiga santuri ya 33 kwa kasi ya 45 ili iingie haraka, kisha wakaipunguza kasi ndani ya mashine. Utamu wa sauti ya mikwaruzo iliyotokea waliugundua baadaye. Walichokuwa wanakitafuta ni nafasi.

Kwa hiyo sikukatazi kuongeza. Ninachokuuliza ni hiki: utakapozijaza hizo megabaiti 16, utaziweka wapi?

Memori ya ASR-10 haishiki kitu umeme ukikatika. Ukizima, yote uliyonasa yamekwenda. Hata mfumo wake wa uendeshaji haukai ndani; kila unapowasha lazima uusome kutoka kwenye diski, na bila diski hiyo hakipigi hata noti moja. Na diski yake ya flopi inabeba megabaiti 1.6 hivi. Memori ya kiwandani inaenea kwenye flopi mbili. Memori unayoitaka wewe itahitaji zaidi ya kumi. Kwetu Tanga tungesema umefanana na mvuvi anayenunua jahazi kubwa kabla hajajua barafu ataipata wapi. Samaki wataingia, lakini hawatafika sokoni.

Hili silisemi kwa kubahatisha. Miaka mingi iliyopita alikuja hapa mzee mmoja wa kwetu, mpiga udi, amekuja kuwaona watoto wake. Nilikuwa nimemaliza kuweka vibao vya memori wiki ile ile, na furaha yangu ilikuwa ya mtoto siku ya Idi. Nikamwomba apige. Akapiga kwa dakika moja na sekunde arobaini, akafunga macho, na kidole chake cha shahada kilikuwa na namna ya kuchelewa kwenye nyuzi nene ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. Sauti yote ikaingia kwenye kinanda. Kabla sijaongeza memori nisingethubutu hata kujaribu. Ningemwomba mapigo matatu manne, ningeyaweka kwenye diski moja, na yangekuwepo hadi leo.

Mezani nilikuwa na flopi tatu tupu. Sauti ile ilihitaji sita. Nikasema kesho asubuhi nitanunua nyingine, nikaacha kinanda kinawaka usiku, nikakifunika kwa kitambaa. Alfajiri ikapita dhoruba. Taa zilizimika kwa muda wa kupepesa jicho, zikarudi. Niliposhuka nikakuta kioo cha kinanda kinaniomba diski ya mfumo. Nilikaa pale chini muda mrefu. Mzee alikuwa amekwisha safiri, na hakurudi tena huku. Amefariki, Mungu amrehemu.

Ningeweza kuzigawa zile sekunde na kuhifadhi nusu yake kwenye zile flopi tatu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilikuwa na pa kuweka nusu nikangoja nzima.

Basi anza na hifadhi. Tazama nyuma ya kinanda chako kama kina mlango wa SCSI. Vinanda hivi viliuzwa bila mlango huo, na aliyeutaka alinunua kiungo cha SP-3 kando. Kwenye picha yako kivuli kimeficha sehemu hiyo. Ukiwa nao, una bahati: siku hizi kuna vifaa vidogo kama ZuluSCSI na BlueSCSI vinavyosoma kadi ya SD na kujifanya diski kuu mbele ya kinanda. Memori yote inalala humo, na una nafasi ya kutunza kila ulichonasa. Usipokuwa nao, unaweza kuondoa kiendeshi cha flopi na kuweka Gotek yenye programu ya FlashFloppy, ikasoma flashi badala ya diski. Lakini elewa kwamba kinanda bado kitadhani kila faili ni flopi ya megabaiti 1.6, hivyo kugawa vipande kutaendelea. Kama fedha zako zinatosha kununua kimoja tu mwezi huu, vibao vya memori au hifadhi, nunua hifadhi.

Na kabla ya vyote nakili diski ya mfumo. Kinanda chenyewe kina amri ya kunakili mfumo kwenda kwenye diski nyingine. Tengeneza nakala mbili, ziweke vyumba tofauti. Diski uliyoipata pamoja na kinanda ina umri wa karibu miaka thelathini au zaidi, na diski za umri huo hufa bila kutoa taarifa.

Hayo yakikamilika, tuje kwenye vibao. Vinavyohitajika ni vya pini 30, vile vilivyowekwa kwenye Macintosh za zamani kama SE, vya nanosekunde 80 au pungufu. Kila kibao kinatoa biti 8, na sauti yako ni ya biti 16, kwa hiyo huwekwa viwili viwili, vya aina moja na ukubwa mmoja. Ndani kuna nafasi nne. Ukiacha viwili vya megabaiti moja moja na kuongeza viwili vya megabaiti 4, unapata 10. Ukiweka vinne vya 4, unapata 16. Ushauri wangu ni uishie 10 kwanza. Ukibadilisha vyote kwa siku moja na kinanda kikagoma kuwaka, hutajua mkosaji ni nani kati ya wanne. Ukiongeza jozi moja, unajua pa kutazama. Kaa na 10 mwezi mzima, kisha malizia.

Siku ya kazi chomoa waya ukutani kabisa. Kuzima kwa swichi hakutoshi, na sehemu ya kuingizia umeme usiiguse hata baada ya kuchomoa, kwa maana kapasita zake hutunza umeme. Halafu kuna adui ambaye sisi watu wa pwani hatukukua naye. Nyumbani hewa ina unyevu mwaka mzima. Huko Ohio unakoishi, wakati wa baridi hita inakausha hewa, unatembea kwenye zulia, ukishika kitasa cha mlango unapigwa cheche. Cheche hiyo hiyo, na hata ndogo yake usiyoisikia, inaua chipu. Fanyia kazi jikoni kwenye sakafu tupu, vua sweta ya sufu, gusa chuma cha bodi ya kinanda kila mara kabla ya kushika kibao, na kibao kishike kingoni.

Kibao huingia kimelala kidogo, kisha unakisimamisha mpaka kishikwe na vibanio pande zote mbili. Kama vibanio ni vya plastiki, vimekwisha kuwa vikavu kama ganda la yai. Visukume kwa ncha ya kidole na usitumie bisibisi. Kikivunjika kimoja, kibao hakitakaa tena sawasawa.

Ukiwasha na mfumo ukasomeka, usidhani umemaliza. Nasa sauti moja ndefu, hata ya redio, mpaka memori ijae, kisha isikilize yote mwanzo hadi mwisho. Kibao kibovu hujificha: sauti inakuwa safi sekunde arobaini, halafu unasikia mikwaruzo mahali pamoja, kila mara hapo hapo. Ukisikia hivyo, toa jozi mpya, futa pini zake kwa kitambaa chenye spiriti, ziache zikauke, rudisha.

Nina flopi kumi na mbili tupu hapa, nimezijaribu moja moja jana usiku na zote ni nzima. Kesho nazipeleka posta. Zikifika, mbili za juu ni za mfumo. Nakili usiku huo huo, kisha unipigie simu, hata ikiwa saa saba ya usiku.